Nuru Atasomea Wapi

Nairobi, 4 Septemba 1955

Kwa wifi yangu mkubwa, Bi Rukia binti Salim,

Pokea salamu zangu, na za Nuru aliyekaa karibu na kiwiko changu akiniuliza kila neno ninaloandika. Sisi wazima. Mvua hazijaanza, na vumbi la mtaa wetu linaingia mpaka ndani ya magunia ya buni. Mama yangu huko Uthiru naye mzima, ingawa tangu wahamishiwe kwenye kile kijiji kipya cha hali ya hatari hapati nafasi ya kuja mjini. Hapo kwenu je? Shemeji Abdalla na kifua chake?

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka yote hii Awadh ndiye aliyekuwa akikuandikia, nami nikitia salamu mwishoni. Safari hii naandika mwenyewe kwa kuwa yeye ana shughuli nyingi dukani. Na nakuomba, ukinijibu, andika kwa herufi za kizungu. Zile za Kiarabu siwezi kuzisoma.

Neno lenyewe ni hili. Nuru ametimiza miaka saba na Januari lazima aingie shule. Kwa baba yake anasema Kiarabu, kwangu Kiswahili, kwa bibi yake Uthiru Kikuyu. Kiingereza hana hata neno, na bila hicho mji huu haumfungulii mtu mlango. Lakini sitaki shule itakayompa Kiingereza na kumnyang'anya Kiarabu. Nataka vyote viwili, kwa ada ambayo duka la kahawa na tende linaweza kuilipa. Wewe ndiye mkubwa wetu. Nipe shauri.

Ni mimi wifi yako,
Salma

—

Mombasa, 20 Septemba 1955

Wifi Salma,

Barua yako imenifikia Ijumaa baada ya sala, nikamsomea Bwana Abdalla kitandani. Kifua bado chamsumbua, lakini alicheka ulipoandika habari za vumbi na buni. Akasema, "Huyu mke wa Awadh ana kalamu." Basi jua umesifiwa na mtu aliyekuwa karani wa forodha miaka ishirini. Hizi herufi za kizungu ndiye aliyenifundisha, wala usizicheke zikipanda na kushuka.

Ila sikufahamu kwa nini waziomba. Awadh si yupo wa kukusomea? Na shughuli gani hiyo dukani isiyomwachia nafasi ya kumwandikia dadake hata mstari? Mimi ndiye niliyemlea, wifi. Tulipofika nchi hii kutoka Mukalla, Hadhramaut, alikuwa na miaka tisa, akilala kwenye upindo wa buibui langu. Mwambie barua ijayo atie mkono wake.

Kuhusu Nuru, mbona wajisumbua? Niletee mimi. Hapa kuna shule ya wasichana wa Kiarabu, ada yake nafuu, Kiarabu wasoma na Kiingereza wasoma, na jioni atasoma Kurani na mimi. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na haina mtoto. Atakuja kwenu likizo.

Nafurahi pia kwamba umependa Kiarabu. Zamani Awadh alisema hukitaki.

Dua zangu kwenu nyote,
Rukia

—

Nairobi, 12 Oktoba 1955

Wifi yangu Bi Rukia,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ile sifa ya shemeji nimeisoma mara nne. Mpe pole yangu. Mwambie nimemwekea tangawizi kavu. Nitaituma kwa mtu wa reli.

Sikukataa Kiarabu, wifi. Zamani nilikuwa nikiwasikia baba na mtoto wakicheka juu ya jambo nisilolijua, nikaona kama nimefungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe. Nilisema maneno ya hasira. Yalipita.

Sasa sikiliza nilivyozunguka. Shule za Wazungu sikuzisogelea, unajua mwenyewe. Nilikwenda kwanza shule moja ya Wahindi, nzuri, yenye madirisha ya vioo. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole. Akasema, "Mama, nafasi ikibaki tunachukua Waarabu. Lakini lugha ya pili hapa ni Kigujarati." Akaniandikia ada kwenye karatasi. Nilikunja ile karatasi nikamshukuru.

Kisha nikaenda shule moja ya Waislamu hapa mjini. Ada wanaweza kulipa watu kama sisi. Wanasoma Kurani kwa moyo, wanasoma Kiingereza, ila Kiarabu cha kuzungumza hawafundishi. Karani akatazama ushungi wangu, akatazama uso wangu, akauliza, "Wewe ni Mkikuyu?" Nikasema mume wangu ni Awadh bin Salim wa duka la kahawa. Akasema, "Basi baba aje mwenyewe amwandikishe." Nikasema nitamwambia.

Na ipo shule ya misheni Uthiru niliyosoma mimi mpaka darasa la nne. Wangempokea kesho. Lakini huko Kiarabu kingekufa kwa mwaka mmoja.

Kumleta Mombasa siwezi. Usinione nimekosa adabu. Nuru anahitajika hapa nyumbani.

Awadh anakusalimu sana. Mkono wake una uvimbe kidogo, ndiyo maana hakuandika.

Wifi yako,
Salma

—

Mombasa, 9 Novemba 1955

Wifi Salma,

Salamu. Tangawizi imefika, ahsante.

Sitaandika marefu. Nimekuulizia shuleni, nafasi ya Nuru ipo. Nimemtandikia kitanda chumba cha upande wa barazani, chenye upepo. Nimemshonea kanzu mbili za kuendea chuoni, kwa kukisia tu. Mlete mwezi wa Desemba. Mimi siwezi kuja kumchukua. Sitoki nyumbani kwa sasa, usiniulize.

Wasema mtoto ahitajika nyumbani. Mtoto wa miaka saba ahitajikiani? Mtumishi? Mwanamke mzima, duka, mume, na bado wamhitaji kijana wa kike wa miaka saba?

Nyumba hii imekuwa kubwa, wifi. Ukinena chumba kimoja wajisikia mwenyewe chumba cha pili.

Uvimbe wa mkono hauchukui miezi miwili. Mwambie ndugu yangu aandike.

Rukia

—

Nairobi, 20 Novemba 1955

Wifi yangu Bi Rukia,

Barua yako imenihuzunisha bila kujua kwa nini. Umesahau kuniambia habari za shemeji. Nasema umesahau, ingawa hujawahi kusahau.

Nimepata shule. Subiri, usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Jumatatu nilipanda basi la Ngong Road na Nuru, tukashuka Woodley penye zile nyumba za mawe za kaunsili, tukateremka kwa miguu mpaka Kibra, kwa Wanubi. Mteja wetu mmoja wa kahawa ndiye aliyenielekeza. Yuko mwalimu anaitwa Bi Zenab Farajalla, mjane, mtu mzima lakini amesimama wima kama mlingoti. Babake alikuwa askari, akamsomesha Kiarabu huko Omdurman. Ana darasa barazani kwake, paa la mabati, mabenchi manane. Mpaka saa nne asubuhi ni Kiarabu, kusoma na kusema. Baada ya saa nne ni Kiingereza na hesabu, na mtu akisema Kiarabu anasimamishwa. Wako watoto wa Kinubi, wa Kisomali, wa Kingazija, na wawili ambao baba zao ni Wayemeni wenye bucha. Sikuona watoto wawili wa sura moja.

Nikamuuliza, "Mwalimu, na cheti?"

Akasema, "Mimi cheti sitoi, sikufichi. Wakifika darasa la nne nawapeleka kufanya mtihani wa kuingia shule ya serikali. Mwaka jana nilipeleka sita, wakapita watano."

"Huyo wa sita?"

"Alikuwa mwanangu," akasema. "Mvivu."

Hakuuliza mimi ni kabila gani. Alimuuliza Nuru kwa Kiarabu jina lake na jina la babake. Nuru akajibu marefu, sijui alisema nini, mpaka mwalimu akamwekea mkono kichwani na kuniangalia mimi. Kisha akasema ada, nayo tunaiweza.

Kiarabu cha pale najua si chenu cha Hadhramaut. Lakini ni Kiarabu, na mtoto anarudi nyumbani saa nane mchana.

Nimlipie? Nataka baraka zako kwanza.

Salma

—

Mombasa, 30 Novemba 1955

Salma,

Baraka sina. Mjukuu wa Salim bin Awadh akasome barazani, mabati juu, kwa watoto wa askari, Kiarabu cha kambini, bila cheti? Nami hapa nimemtandikia kitanda?

Nakuuliza jambo moja, ujibu jambo moja. Ndugu yangu yu hai?

Kama yu hai, nitumie mstari mmoja kwa mkono wake, kwa Kiarabu chake. Nitautambua hata ukiandikwa gizani. Usiponitumia, nitajua kwamba ama amekufa na wanificha, ama amekuacha na waona haya. Sina mtu wa kumtuma Nairobi, wala mimi mwenyewe siwezi kuja. Nimekaa tu hapa nikihesabu maneno yako.

Rukia

—

Nairobi, 9 Desemba 1955

Dada Rukia,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Nisamehe. Nilidhani nitakuficha mpaka apone, kisha tuandike pamoja tukicheka. Kila barua niliyokuandikia ilikuwa na shimo katikati, nami nikilizunguka.

Tarehe kumi na mbili Julai, asubuhi, alikuwa akikaanga buni. Nilisikia kikaango kimeanguka. Nikamkuta chini, mdomo umeenda upande. Hospitali walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vililala. Siku kumi na saba hakusema neno. Nilimwita, "Baba Nuru, Baba Nuru," akinitazama tu kama mtu aliye ng'ambo ya kioo.

Siku ya kumi na nane alisema. Niliruka kwa furaha, dada. Kisha nikatambua kwamba sielewi. Kilichorudi ni Kiarabu. Kiswahili kimeondoka chote, hata jina la sukari, hata neno tulilokuwa tukiitana mimi na yeye. Daktari alisema hutokea hivyo, lugha aliyoshika mtu utotoni hubaki chini kabisa kama mizizi. Alisema labda nyingine itarudi. Mpaka leo haijarudi.

Katika nyumba hii mtu mmoja tu ndiye anayemwelewa mume wangu, naye ana miaka saba. Akitaka maji, Nuru. Akiumwa, Nuru. Mwezi wa nane askari waliingia dukani kukagua pasi za Wakikuyu. Zamani Awadh alikuwa akisimama na kusema, "Huyu ni mke wangu," yakaisha. Siku hiyo alisema kwa lugha yake, na Nuru akasimama mbele ya Mzungu wao mwenye bastola akasema kwa Kiswahili, "Baba anasema mama ni wake, usimchukue." Niliwaonyesha cheti cha ndoa. Wakaondoka. Usiku huo mtoto alikojoa kitandani.

Ndiyo maana siwezi kukuletea. Ndiyo maana natafuta Kiarabu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kikimtoka Nuru, Awadh atakuwa amekufa kwangu na huku anapumua.

Hawezi kukuandikia mstari. Nilimshika mkono wa kushoto na kalamu, akachora kitu, akakitazama, akakichana. Sikukitunza kwa kuwa hakutaka.

Nimemlipia Nuru muhula wa kwanza Kibra. Sikungoja baraka. Kama umekasirika una haki.

Salma

—

Mombasa, 29 Januari 1956

Wifi yangu mpenzi,

Wiki saba sikukujibu. Najua umezihesabu.

Mara ya kwanza nilikasirika, ndiyo. Nilitembea nyumba nzima nikisema peke yangu. Kisha hasira ikanishuka nikaona sina uso wa kukukasirikia, kwa maana nami nilikuficha. Bwana Abdalla alifariki tarehe ishirini na moja Oktoba. Tangawizi yako ilifika siku tatu baada ya mazishi. Nilisema ahsante nikanyamaza. Nilitaka nikwambie, lakini nikafikiri, Awadh atafunga duka aje, naye wasema ana shughuli nyingi. Basi wewe ulimficha ndugu yangu nisiumie, nami nilimficha mume wangu msiumie, tukawa tukiandikiana kama watu wawili wafichao jicho bovu.

Niko edani. Miezi minne na siku kumi sitoki, ndiyo sababu sikuja. Na sasa nikwambie ukweli wa kitanda kile. Sikumtaka Nuru kwa ajili ya shule. Nilitaka kusikia mtu akikohoa chumba cha pili.

Kuhusu Kibra, niliandika upuuzi. Nimemuuliza mzee mmoja msomi apitaye barazani kwetu, nami nikiwa nyuma ya pazia. Akasema waliosoma Omdurman kipindi kile walikaza masomo kuliko sisi. Basi baraka zangu chukua zote, na zile za zamani nilizokunyima. Harusini kwenu sikuja kwa sababu ulikuwa Mkikuyu, mtoto wa misheni. Nilimwambia Awadh utamwacha siku ya dhiki. Nalisema kwa mdomo huu.

Niambie jina alilokupa mamako. Nataka kulitaja katika dua.

Eda yaisha mwisho wa Februari. Nitapanda gari la moshi.

Rukia

—

Nairobi, 14 Februari 1956

Dada yangu Rukia,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimemlilia shemeji dukani mbele ya wateja. Nuru alimwambia babake kwa Kiarabu. Awadh akaniomba, kupitia Nuru, nifungue redio wakati wa Kurani.

Jina langu ni Waceke. Maana yake ni mwembamba. Mama aliniita hivyo kwa ajili ya bibi yake, si kwa umbo, kama utakavyoona.

Nuru anaipenda shule. Juzi alimwambia babake neno la Kinubi alilolipata Kibra, na Awadh akacheka, dada, akacheka mpaka ule mdomo uliopinda ukajisahau. Wanabishana sasa, huyu anasema neno ni hivi, huyu hivi.

Nami nimefanya jambo. Bi Zenab aliniona nikimngoja Nuru nje, akasema, "Mama, jua linakuchoma bure. Ingia ukae benchi la nyuma." Basi siku za Jumanne na Alhamisi jirani yangu Peres ananishikia duka, nami naketi nyuma ya watoto wa miaka saba, magoti yakinigonga kidevuni, nikisema alif, be, te. Mtoto mmoja wa Kisomali ananisahihisha bila huruma.

Njoo. Kitanda tunacho, ingawa upepo hakina.

Waceke Salma

—

Mombasa, 8 Aprili 1956

Waceke wangu,

Nimefika salama. Yale maandazi mliyonifungia yaliisha kabla ya Mtito Andei, nusu nilimpa mama mmoja mwenye mtoto.

Wiki tatu zile sitazisahau. Nilimkuta ndugu yangu amenyolewa, kanzu nyeupe, kucha zimekatwa. Nimeuguza mume miaka miwili, najua kazi ya kucha. Na ile siku tuliyopanda pamoja mpaka Kibra, nikamwona yule Bi Zenab akiwaambia watoto wasimame kunisalimu, nikaona haya kwa barua yangu ya Novemba. Tulizungumza saa nzima. Kiarabu chake kizuri kuliko changu. Usimwambie.

Kuna jambo nililisikia nyumbani kwako, wifi, nisilolisema. Nililisikia asubuhi ya kwanza, na kila asubuhi baada yake. Mara mbili nilifungua mdomo kukwambia. Lakini si langu kulisema. Lina mwenyewe, na mwenyewe ni mdogo, na alilolifanya amelifanya kwa mapenzi. Ningelitamka mimi ningemvunja.

Nakuomba tu, kaza masomo. Usiende Jumanne na Alhamisi pekee. Nenda kila siku upatapo nafasi. Na asubuhi ukimpelekea Awadh chai, usimtazame Nuru akinena. Mtazame Awadh.

Nampigia dua Waceke kila alfajiri.

Rukia

—

Nairobi, 17 Juni 1956

Dada Rukia,

Salamu kutoka kwetu sote. Baridi imeingia, ukungu haunyanyuki mpaka saa tatu, na kahawa inauzika kuliko wakati wowote. Mama alipata ruhusa kutoka Uthiru akalala kwetu siku mbili. Yeye na Awadh waliketi barazani bila lugha moja kati yao, wakichambua maharagwe, wamenyamaza kwa raha kabisa.

Sasa nimejua ulichokisikia.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwenda kila siku mwezi wa tano, na usiku nikajizoeza maneno, nenda, njoo, nyumba, mkono, watu. Na asubuhi nikamtazama Awadh.

Kila asubuhi, nikimpa chai, alikuwa akinitazama na kusema sentensi ile ile. Unaijua. Na kila asubuhi Nuru alinigeuzia, "Baba anasema chai tamu kama asali." Nikaongeza sukari, dada! Nilidhani ni asali kweli, nilisikia neno linalofanana nayo. Miezi kumi nimekuwa nikitia sukari.

Jumatano ya juzi alisema, nami nikasikia. Lilinijia neno moja baada ya jingine, kama watu wanaotoka mlangoni. *Ruhi inda ahlish.* Nenda kwa watu wako. Si asali. Ahali.

Niliweka kikombe chini. Nuru akaanza, "Baba anasema chai..." Nikamwambia, "Nuru, nyamaza kidogo, mama." Nikapiga magoti penye mkeka wake. Nilikuwa na maneno machache tu, dada, sikuweza kuyapamba. Nikasema, *"Ahli hina."* Watu wangu wako hapa.

Alinitazama kana kwamba mlango umefunguka ukutani, mahali pasipokuwa na mlango. Kisha akaanza kusema mengi, haraka, sikuyapata yote. Nilipata neno mzigo. Nilipata bado kijana. Nilipata askari. Nafikiri alikuwa akisema kwamba hawezi tena kusimama mbele yao kwa ajili yangu, kwa hiyo hana haki ya kunishika. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha benchi la nyuma, "Sijui maneno mengi. Sema polepole. Siendi." Akalia. Nami nikalia. Alinishika sikio kwa mkono wa kushoto kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka kunitania.

Nuru alikuwa amekimbilia nyuma ya magunia. Nilimkuta amejikunja, ameziba uso.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ungejua ungekwenda."

"Niende wapi?"

"Uthiru. Ukiniacha mimi na baba. Halafu askari wangekuja na mimi sijui Kiingereza bado."

Dada, mtoto wa miaka saba alibeba hilo kila asubuhi, akatembea nalo mpaka shuleni, akarudi nalo. Mimi nilitafuta shule ya kumlinda Kiarabu chake, na Kiarabu ndicho kilichokuwa kinamwelemea. Nilimkalisha mapajani ingawa miguu yake sasa inafika chini. Nikamwambia kuanzia leo maneno ya baba na mama ni ya baba na mama. Yeye yake ni ya shule. Akauliza, "Na ukikosea?" Nikasema nitakosea, na babake atanisahihisha, atapata kazi ya kufanya.

Alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema, "Kukuambia sukari ni *sukkar* naweza?" Nikasema hilo ruhusa.

Asante kwa kunyamaza. Ungeniambia wewe, ningemgombeza Awadh kwa Kiswahili asichokisikia, na mtoto angeona amefichuliwa. Ulijua. Wewe umelea.

Likizo ya Agosti Nuru atakuja kwako wiki nne, na kanzu zako mbili, ambazo zimembana mabegani. Tutabaki wawili mimi na nduguyo, bila mkalimani. Naogopa kidogo. Leo asubuhi tumegombana mara ya kwanza tangu augue. Alisema maharagwe hayana chumvi, nikasema yana chumvi, akasema hayana, nikasahau neno la chumvi nikamwonyesha kibakuli, akasema hilo si neno. Nuru alitusikia kutoka mlangoni, begi mgongoni. Hakugeuka hata kutusaidia. Alikuwa anachelewa basi.

Ni mimi wako,
Waceke